Uhai Unavyofanya Kazi: Mhadhara wa Biolojia kwa Wanafunzi wa Masama



Nimeombwa nizungumzie misingi ya biolojia. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hukutana na somo hili likiwa orodha: sifa saba za viumbe hai, sehemu za seli, himaya tano, masharti ya usanisinuru. Huziandika daftarini, huzikariri usiku wa kuamkia mtihani, na baada ya wiki mbili zimeshamtoka. Juu ya hapo, hadi darasa la saba alisoma Sayansi kwa Kiswahili, kisha akivuka mlango wa sekondari kila jina limegeuka Kiingereza. Anayekariri jina kabla ya kulielewa jambo lenyewe hubaki mikono mitupu siku jina linapomponyoka. Kwa hiyo leo tutalielewa jambo kwanza, kwa Kiswahili, na mifano tutaichuma hapa hapa, kati ya msitu wa Kilimanjaro juu yetu na tambarare ya Rundugai chini yetu.

Hoja yangu ni moja. Sura zote za mwanzo wa biolojia zinajibu maswali mawili tu. La kwanza: kiumbe hai kinapata wapi nishati na malighafi ya kujijenga na kujiendesha? La pili: maelekezo ya kujijenga kimeyapata wapi, na kinayarithishaje? Sifa saba, seli, urithi, mageuko na ikolojia zote zimo ndani ya maswali hayo.

Kilicho hai na kisicho hai

Tuanze na zile sifa saba: kujilisha, kupumua, kutoa takamwili, kukua, kujongea, kuhisi na kuzaliana. Sasa tuupime moto wa kuni kwa orodha hiyo. Moto unakula kuni. Unahitaji oksijeni. Unatoa moshi na majivu. Unakua, unatambaa, upepo ukivuma unaitikia, na cheche yake ikidondoka kwenye nyasi kavu unazaliwa moto mwingine. Kwa orodha peke yake, moto umekaribia kufaulu mtihani. Kwa nini basi hatusemi moto uko hai?

Jibu liko katika swali letu la pili. Moto hauna maelekezo ya kurithi. Moto uliowashwa kwa kiberiti na ule uliowashwa kwa radi hauna ukoo. Sura yake inaamuliwa na kuni na upepo uliopo. Mbuni ukiupanda Masama au Mbozi utabaki mbuni, kwa kuwa ndani ya mbegu yake kuna maelekezo yaliyotoka kwa mbuni uliotangulia. Moto pia hauna seli, na kila kilicho hai kina seli moja au zaidi.

Upande wa pili, iangalieni mbegu ya maharage iliyokaa ghalani miezi sita. Haijongei, haikui, mtu angedhani ni kokoto. Lakini inapumua polepole sana, inatumia akiba yake kidogo kidogo, na ikipata maji na joto la kutosha itaota. Kirusi nacho kinasimama mpakani: kina maelekezo ya kurithisha lakini hakina seli wala njia yake ya kupata nishati. Mpaka kiingie ndani ya seli ya mwingine ndipo kinapozaliana. Ndiyo maana wanabiolojia wengi hawakihesabu kuwa kiumbe hai kamili.

Seli

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Katika kipande chembamba cha gome alikuta vyumba vidogo vidogo, akavipa jina tunalolitumia hadi leo. Alichokiona kilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa. Ilipita zaidi ya miaka 170 ndipo Wajerumani Matthias Schleiden, mwaka 1838, na Theodor Schwann, mwaka 1839, walipotangaza kwamba mimea yote na wanyama wote wamejengwa kwa seli. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akasisitiza jambo la tatu: kila seli hutoka katika seli nyingine. Shikeni hilo la tatu. Seli zilizomo mwilini mwako sasa hivi zimetoka kwa seli za wazazi wako, na zao kwa za babu na bibi, mnyororo usiokatika mahali popote.

Seli ya jani la mgomba na seli ya shavu lako zinafanana kuliko unavyodhani. Zote zina utando wa seli, zote zina kiini kinachotunza maelekezo, zote zina mitokondria ambamo nishati ya chakula hufunguliwa. Ya mgomba imeongeza ukuta mgumu kwa nje na kloroplasti zenye rangi ya kijani. Utando wenyewe haupitishi kila kitu: unafanya kazi ya mzee wa mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, anayejua maji yaende shamba lipi, kwa zamu ipi na kwa kiasi gani.

Mtu asiye na hadubini anaweza kuona kazi ya utando huo jikoni. Kata nyanya na matango ya kachumbari, nyunyiza chumvi, ngoja kidogo. Bakuli linajaa maji ambayo hukuyatia. Chumvi imeongeza ukolezi nje ya seli, na maji yametoka ndani kuelekea kule kwenye ukolezi mkubwa, yakipita katika utando. Hiyo ndiyo osmosis, na ndiyo sababu mche uliowekewa mbolea ya chumvichumvi kupita kiasi hunyauka ingawa udongo una maji.

Nishati inatoka wapi?

Nawauliza swali ambalo hata watu wazima wengi hulikosa. Mgomba uliozaa mkungu mkubwa una uzito wa makumi ya kilo. Uzito huo umetoka wapi? Wengi watajibu: udongoni. Jan Baptista van Helmont, daktari katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alilipima jibu hilo. Alipanda mti katika pipa la udongo aliokwisha kuukausha na kuupima, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano, kisha akapima tena. Mti ulikuwa umeongezeka takriban kilo 75, ilhali udongo ulikuwa umepungua kiasi kisichofika gramu 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake.

Van Helmont alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Alikosea nusu. Sehemu kubwa ya mwili mkavu wa mmea imetoka hewani. Jani hupokea kabonidayoksaidi kupitia vitundu vyake, mizizi huleta maji, na kloroplasti hutumia nishati ya jua kuviunganisha kuwa sukari. Oksijeni hubaki na kutolewa nje. Huo ndio usanisinuru. Samadi ya ng'ombe haiulishi mgomba kwa maana tuliyozoea. Inauletea naitrojeni, fosforasi, potasiamu na madini mengine, kwa viwango vidogo lakini ambavyo bila hivyo mmea hauwezi kujenga protini wala klorofili.

Sukari hiyo ni akiba. Kuifungua kunaitwa upumuaji wa seli, na hapa wanafunzi wengi huteleza mtihanini. Huandika kwamba mimea hupumua usiku tu. Mimea hupumua mchana na usiku bila kupumzika, kama wewe. Mchana usanisinuru huwa mkubwa kuliko upumuaji, kwa hiyo tunaona oksijeni ikitoka. Usiku usanisinuru husimama na upumuaji huendelea peke yake.

Kuna upumuaji usiohitaji oksijeni, nao kila mzee hapa anaujua ingawa hakuusoma darasani. Ndizi mbivu zilizopikwa na kuachwa zichachuke, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, hutoa mapovu. Mapovu hayo ni kabonidayoksaidi. Hamira, ambayo ni kuvu wa seli moja moja, inavunja sukari bila oksijeni na kuacha alkoholi. Kimea nacho ni somo kamili: ulezi unapooteshwa, vimeng'enya vyake huanza kuigeuza wanga kuwa sukari ili kulisha chipukizi. Siwaambii wanafunzi wakanywe pombe hiyo, mbege. Nawaambia kwamba mama anayeipika anaendesha viumbe hai kwa ustadi, na maswali ya biolojia yamejaa katika pipa lake.

Nishati ikishaingia kwenye jani, inasafiri. Ng'ombe wa zizini anakula majani na shina la mgomba. Yeye mwenyewe hawezi kuyeyusha nyuzi zile ngumu; bakteria na vijidudu vingine waliomo katika tumbo lake kubwa ndio wanaozivunja. Katika kila hatua ya mnyororo wa chakula sehemu kubwa ya nishati hupotea ikiwa joto, na kwa makadirio ya kawaida ni kama sehemu moja ya kumi tu inayofika hatua inayofuata. Ndiyo maana kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani, kinaweza kulisha familia kwa ndizi, lakini hakiwezi kuilisha kwa nyama peke yake. Madini hayapotei hivyo. Yanatoka kwenye mgomba, yanapita kwa ng'ombe, yanarudi shinani yakiwa samadi. Nishati hupita njia moja, madini huzunguka.

Maelekezo ya kurithi

Ndani ya kiini cha seli maelekezo yameandikwa katika molekuli ndefu ya DNA, iliyofungwa katika kromosomu. Umbo la DNA lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitegemea pia picha za eksirei kutoka kazi ya Rosalind Franklin. Binadamu ana kromosomu 46. Kahawa ya arabika tunayolima hapa ina 44, na robusta ya Kagera ina 22. Msidhani mwenye nyingi ndiye bora; hesabu hiyo inaonyesha ukoo tu. Arabika ilizaliwa zamani sana kwa kuchanganyika spishi mbili za kahawa, mojawapo ikiwa hiyo hiyo robusta, ikabeba seti kamili kutoka pande zote mbili.

Maelekezo hurithishwa kwa njia mbili, na zote mbili zimo kihambani. Ya kwanza ni kunakili. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kuota. Mgomba huzaa mara moja, hufa, na chipukizi lililotoka kwenye shina lake halisi lililo chini ya ardhi huendeleza ukoo. (Lile tunaloliita shina kwa nje ni mashina ya majani yaliyokumbatiana.) Chipukizi la mgomba wa mshare uliopewa na shangazi yako lina maelekezo yale yale ya mshare wake. Faida yake ni kubwa: mtori wa mwaka huu una ladha ya mtori wa mwaka jana. Hasara yake iko hapo hapo. Ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na kuvu wa udongoni ukiweza kuua mgomba mmoja wa aina fulani, unaweza kuua yote ya aina ile, kwa sababu hakuna uliotofautiana na mwenzake.

Njia ya pili ni kuchanganya: nusu ya maelekezo kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Watoto hawafanani kabisa na mzazi yeyote, na katika tofauti hizo ndipo kinga mpya hupatikana. Mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro yanalijua jambo hili kwa uchungu. Kutu ya majani, ambayo ni kuvu, ilifika Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mwaka 1869, ikauangusha ukulima wa kahawa wa kisiwa kizima hadi wakageukia chai. Chulebuni, kuvu mwingine anayeozesha tunda likiwa bado bichi, aligunduliwa Kenya mwaka 1922 na baadaye akavuka mpaka. Aina zetu za zamani, N39 na KP423, zilikuwa na kahawa tamu lakini hazikuwa na kinga. Mkulima alipaswa kupulizia dawa msimu baada ya msimu.

Kituo cha utafiti cha Lyamungu, jirani zetu hapa wilayani Hai, ambako leo yako makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, kimefanya kazi hiyo hasa: kuchavusha mbuni kwa mbuni, kuotesha watoto, kuwapima dhidi ya magonjwa, kuwaonja kikombeni, kuchagua, na kurudia. Aina mpya zilizotoka huko zinahimili chulebuni na kutu ya majani pamoja. Kisha zikazidishwa kwa vikonyo, yaani kwa kunakili, ili sifa iliyopatikana isipotee. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini watafiti walichanganya kwanza na kunakili baadaye, ameelewa sura nzima ya uzazi.

Mageuko

Lyamungu waliochagua ni watu. Pasipo mtu, mazingira ndiyo yanayochagua. Charles Darwin alichapisha hoja hiyo mwaka 1859: viumbe huzaliwa wakiwa na tofauti za kurithi, si wote wanaoishi hadi kuzaa, na wenye tofauti inayofaa mahali pale huacha watoto wengi zaidi. Kiumbe hakijigeuzi kwa kutaka. Ni uwiano katika kizazi unaobadilika.

Mfano ulio wazi kupita yote kwa binadamu umepatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alianza kukusanya sampuli za damu mwaka 1949. Aliona kwamba watu wenye jeni ya selimundu walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake. Mtoto akirithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili anapata ugonjwa mkali. Akiirithi kwa mmoja tu, hapati ugonjwa huo na ana kinga kubwa zaidi dhidi ya malaria kali. Palipo na malaria nyingi, jeni inayoumiza wachache ililindwa kwa kuokoa wengi. Nyanda za juu baridi humzuia mdudu wa malaria asikomae vizuri ndani ya mbu, kwa hiyo faida ile haikuwapo.

Wazazi wawili wakiwa kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Kusema "tumeshapata mmoja, watatu wanaofuata ni salama" ni kosa la hesabu lenye gharama, kwa kuwa kila mimba huanza hesabu upya.

Inueni macho sasa mwelekee Shira, juu mlimani. Juu ya mita 3,500 hivi huota dendrosenesio, mmea mnene wenye kichwa cha majani mapana. Kule mchana jua huchoma na usiku maji huganda. Majani yake hujifunga usiku na kulinda chipukizi la katikati, na majani makavu yaliyokufa huzunguka shina na kulitunzia joto. Mlima Kenya una ndugu zake wa spishi nyingine, kwa sababu kila mlima mrefu ni kisiwa cha baridi kilichozungukwa na joto, na viumbe vilivyotengana visiwani hushika njia zao. Uchunguzi wa DNA wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba ukoo huo wa mimea ulianzia Kilimanjaro, ndipo ukasambaa milima mingine.

Viumbe pamoja

Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kueleza kwa nini migomba na kahawa vimeshika ukanda wetu, msitu umeshika juu, vichaka juu zaidi, na karibu na mita 5,895 za kilele hakuna kinachoota isipokuwa kuvumwani na mimea midogo sana. Katika bonde moja la msitu wa mlima huu, Andreas Hemp na wenzake walipima mti wa spishi ya Entandrophragma excelsum wenye urefu wa mita 81.5, wakatangaza mwaka 2016 kuwa ndio mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa barani Afrika.

Msitu huo unatuhusu kwa jambo la maji. Watu wengi huamini kwamba mifongo inategemea barafu ya Kibo, kilele cha mlima, na kweli zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imeyeyuka. Lakini barafu ilichangia sehemu ndogo tu. Mvua nyingi huangukia ukanda wa msitu, na majani na kuvumwani hunasa ukungu na kuudondosha chini. Hemp, aliyeuchunguza mlima kwa miaka mingi, ameonya kwamba moto unaoteketeza misitu ya juu unatupotezea maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Maji hayo huzama, husafiri chini ya miamba ya volkano, na hutokeza hadi kwenye chemchemi za tambarare kama Chemka kule Rundugai. Anayekata mti juu amegusa ndoo ya mtu wa chini ambaye hamjui.

Jinsi ya kusoma somo hili

Biolojia hupimwa kwa jaribio. Panda maharage kumi katika kopo moja na kumi katika jingine, udongo ule ule, maji yale yale. Moja liweke mwangani na jingine gizani. Badilisha kitu kimoja tu, vingine vyote vilingane, la sivyo hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Tumia mbegu kumi badala ya moja, maana mbegu moja inaweza kuwa mbovu. Andika tarehe, pima urefu kila siku, na usifute matokeo yanayokataa ulichotarajia. Mengi ya maana katika sayansi yalianzia kwenye matokeo ya namna hiyo.

Kwa walimu nina ombi: mpeni mwanafunzi nafasi ya kueleza jambo kwa Kiswahili kabla ya kudai istilahi ya Kiingereza. Mtihani wa taifa atauandika kwa Kiingereza, nalijua hilo, lakini istilahi hukaa mahali palipokwisha andaliwa. Kwa wazazi: mtoto akiomba makopo mawili na maharage ishirini, msimwambie anachezea chakula. Na kwenu wanafunzi: kesho asubuhi, kabla hamjafungua daftari, chagueni kiumbe kimoja kihambani, mkiulize yale maswali mawili, muandike majibu, kisha mwende nayo darasani mkamwombe mwalimu ayapinge.